Mia na Kumi na Nane

Barua ilikuwa na mistari mitatu tu, na Kobe alikuwa ameisoma mara tisa.

*Fundi wa cherehani ya kumi na nne, yule wa dirishani, ana joto. Mapigo yake yanafika mia na kumi na nane. Mpimeni mwone.*

Chini hapakuwa na jina. Barua za namna hiyo zilifika Idara ya Utulivu kila siku kwa mafungu, na nyingi ziliishia kuwashia jiko la chai, kwa sababu Idara haikushughulika na barua isiyo na namba. Fulani anamtazama fulani, hiyo si namba. Fulani anaimba akioga, hiyo nayo si namba. Hii ilikuwa nayo. Ndiyo maana saa tatu asubuhi Kobe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya makoti, kofia mkononi, akihesabu cherehani. Wenzake wapelelezi wa Idara walimpa jina hilo la Kobe kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, na kwa sababu ya shingo yake.

Sheria yenyewe kila mtoto aliielewa. Moyo wa mtu mzima mwenye afya hupiga kati ya sitini na tisini. Ukizidi hapo, na huna homa wala hukutoka mbio, una joto, na nyuma ya joto kuna mtu. Mwenye joto alipelekwa Nyumba ya Kupoza. Alirudi baada ya siku arobaini akiwa mzima, anakula, analala, anafanya kazi. Ila hamjui aliyemzaa.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani ishirini katika safu mbili, kimejaa harufu ya mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akifagia nyuzi alifika kwenye miguu ya Kobe, akafagia juu ya viatu vyake, akaendelea na safari yake.

Daftari la mapigo lilining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Kila asubuhi saa moja, kabla mashine hazijaanza, mpima alipita meza hadi meza, akashika kifundo cha mkono cha kila fundi kwa dakika moja, akaandika. Mpima ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kumgusa mwingine. Mtu mwingine akigusa, ni miezi mitatu ya kuchimba mitaro.

Kobe alifungua safu ya kumi na nne. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Alirudi nyuma mwezi, miwili, mitano. Mafundi wengine walipanda na kushuka. Mmoja alipata mafua akafika themanini na nane. Cherehani ya kumi na nne haikupata mafua. Kwa miezi kumi na moja ilikuwa sabini na mbili. Kabla ya hapo, ilikuwa ikipanda na kushuka kama za wengine.

Aliweka alama kwa kucha, akaenda kwa jirani wa cherehani ya kumi na tatu, mama mnene aliyekuwa na vifungo vinne mdomoni.

"Mama, naomba dakika."

Alitema vifungo kiganjani. "Dakika ninazo, baba, kazi ndiyo inayonikimbiza. Keti. Usikalie hilo koti, lina sindano."

"Nasikia wewe na huyu wa dirishani hampikiki chungu kimoja."

"Nani kasema?" Akafikiri kidogo. "Basi ni kweli. Dirisha hilo lilikuwa langu miaka sita. Akaja yeye, msimamizi akampa, eti macho yake machanga. Mimi nikawekwa huku gizani kama kiazi."

"Ukakasirika."

"Mimi? Mimi ni sabini na nne, tazama kitabuni kwako."

"Kwa hiyo ukaandika barua." Kobe aliiweka juu ya meza.

Mama yule aliitazama. Alitaka kucheka, akakumbuka anaongea na Idara, akakohoa. "Baba, mimi naandika jina langu tu, na hilo lenyewe nikiwa sina haraka. Halafu namba ningeitoa wapi? Mapigo ya mwenzangu nitayajulia wapi? Nimguse nikachimbe mitaro, na magoti haya?"

Kalamu ya Kobe ilisimama. "Rudia."

"Magoti?"

"Kabla ya magoti."

"Nimesema namba ningeitoa wapi."

"Asante." Aliiandika. "Mpima huanzia meza gani asubuhi?"

"Zamani alianzia mlangoni, meza ya kwanza. Siku hizi anazunguka kotekote, huyu anakuwa wa mwisho. Nilidhani anafuata mwanga."

Kobe alikunja barua. Mama alirudisha kifungo kimoja mdomoni, kisha akakitoa tena.

"Baba. Huyo aliyekufagia viatu ni mdogo wangu, tumbo moja. Kabla hajapozwa alikuwa mkata vitambaa, humu ndani hakuna aliyemfikia. Mwaka wa pili huu ananiita wewe Mama Vifungo, na watu wote wakalidaka, sasa ndilo jina langu. Hajui kama nina jingine. Dirisha nalitaka, sikufichi. Lakini sio kwa njia hiyo."

Fundi wa cherehani ya kumi na nne alihojiwa kwenye stoo ya vitambaa, kati ya majora ya kijivu yaliyofika darini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na kidoleni alivaa kastabini ya chuma ya kusukumia sindano. Aliketi pale alipoonyeshwa.

"Nina kibali cha kugusa," Kobe alisema, akamwonyesha karatasi yenye muhuri. "Lete mkono."

Alimshika, akatazama saa yake. Sabini.

"Nani?"

"Nani yupi, bwana?"

"Anayekupa joto."

"Sina joto."

Sabini na moja.

"Msimamizi alikupa dirisha. Dirisha halitolewi bure."

"Yule? Yule ananuka vitunguu."

Sabini.

"Unajua kinachofanyika Nyumba ya Kupoza?"

"Anayefagia nje, koti lake nilishona mimi. Hakujua mkono upi uingie wapi."

Sabini na moja. Kobe aliuachia mkono, akamwita Bibi Mizani, mpima mkuu wa Idara, aliyekuwa akisubiri nje na mkoba wake. Alikuwa mzee, na alihesabu amefumba macho. Alihesabu dakika mbili badala ya moja.

"Sabini na moja. Mtoto huyu ana moyo wa ng'ombe anayecheua. Tufunge jalada twende zetu."

"Barua inasema anafika mia na kumi na nane."

Bibi Mizani alikuwa bado hajauachia mkono. Wala mkono haukutikisika. Ila kastabini iliteleza kidoleni, ikadunda sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya jora.

"Bwana," binti alisema. "Hiyo namba imeandikwa humo?"

"Imeandikwa."

"Naomba nione."

Utaratibu haukuruhusu. Kobe aliigeuza barua. Binti aliisoma kwa kidole, polepole, alipofika kwenye namba kidole kikakaa hapo.

"Sitini na tano," alisema Bibi Mizani akifumbua macho. "Inashuka. Hii sijawahi kuiona."

"Bibi, nenda kanywe maji."

"Sina kiu."

"Nenda tu."

Mlango ulipofungwa, Kobe aliifunika kalamu yake na kuiweka mfukoni. "Sikuulizi kitu. Nitasema mimi, nikikosea niambie. Namba hii daftarini haimo, si leo wala mwaka jana. Basi aliyeiandika hakuisoma popote. Aliihesabu. Na kabla ya leo mkono wako ameushika mtu mmoja."

Binti aliokota kastabini, akaipuliza vumbi.

"Mpima haongei na mtu," alisema. "Anashika, anahesabu, anaandika, anapita. Siku hiyo alihesabu, nikaona anaandika sabini na mbili. Halafu akainama kama anayeokota kalamu, akaninong'oneza ile ya kweli. Mia na kumi na nane. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ananiandikia ya uongo, ananiambia ya kweli. Mara mia na kumi na tano, mara mia na ishirini. Lakini ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yetu. Hajawahi kuniambia neno jingine. Hata jina langu hajawahi kulitaja."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Mimi nilikuwa nampa mkono."

Nje, cherehani zilikuwa zikiguruma.

"Hayo sijaandika," alisema Kobe. "Idara haishughuliki na maneno. Saa nane mchana mpima wako atakushika mkono huu, Bibi Mizani atakushika ule, mbele ya watu wote. Ikizidi tisini, unaondoka na gari la Idara."

"Kwa nini kaandika?"

"Sijui bado."

"Ukijua uniambie kabla ya saa nane. Sio baada."

"Utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu ndio uliomruhusu kunishika."

Kobe alivaa kofia yake, akaivua. "Unahitaji chochote?"

"Koti," binti alisema. "Lolote ambalo halina vifungo."

Chumba cha mpima kilikuwa mwisho wa kibaraza, safi kama sahani iliyooshwa. Mpima mwenyewe alikuwa kijana mrefu mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Juu ya meza palikuwa na sanduku jipya la mbao lililojaa mikanda, na ukutani waraka: kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi atavaa mkanda wa kupimia mkononi, usiku na mchana, mkanda utahesabu wenyewe na kupeleka Idara wenyewe. Wapima watapangiwa kazi nyingine.

Kobe aliusoma waraka mpaka kwenye sahihi. Kisha akaketi.

"Cherehani ya kumi na nne."

"Sabini na mbili, mkuu. Mtulivu sana."

"Miezi kumi na moja bila hata mafua."

"Wapo watu wa hivyo."

Kobe aliweka daftari mezani, na barua kando yake. Mpima alitazama daftari tu.

"Nani mwingine angeijua namba hii?"

"Labda alijipima mwenyewe, akamwambia mtu."

"Kwa saa ipi? Karakana nzima ina saa moja, na iko mfukoni mwako."

Mpima aligusa mfuko wake, kama mtu aliyeambiwa ana kinyesi cha ndege begani. Kisha aliketi kitandani.

"Mikanda inaanza Jumatatu," alisema.

"Nimeona."

"Mkanda ungefungwa mkononi mwake, ungesoma mia na kumi na nane. Daftari linasema sabini na mbili. Wangefunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Angepozwa yeye, ningepozwa na mimi. Lakini akiondoka kabla ya Jumatatu, mkanda wake haufungwi. Mngempima, mngeona, ningesema jana alikuwa sawa, limempanda leo. Yeye alikuwa wa kwenda vyovyote vile, mkuu. Nikasema bora mmoja kuliko wawili. Ni hesabu tu."

"Hesabu nzuri," alisema Kobe. "Ulimhesabu nani mwingine aliyewahi kumpima?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Nimempima mimi leo. Sabini. Nikamtajia Nyumba ya Kupoza nimemshika. Sabini na moja. Bibi Mizani kampima dakika mbili. Sabini na moja."

"Haiwezekani. Kila siku mimi nikimshika..."

"Endelea."

Mpima aliitazama barua kwa mara ya kwanza.

"Kila siku ukimshika wewe," Kobe alimmalizia. "Mkanda ungesoma sabini, bwana. Jumatatu sabini, Jumanne sabini, mpaka ngozi yake ichakae. Daftari lako lilikuwa la kweli mchana kutwa na usiku kucha, isipokuwa ile dakika yako moja. Hukuhitaji kuandika chochote. Ulihitaji kukaa kimya siku tatu."

Mpima aligeuza viganja vyake, akavitazama kama vyombo alivyoazima.

"Saa nane utamshika mbele ya watu," Kobe alisema akiinuka. "Ikifika mia na kumi na nane, daftari lako ni la uongo, mnaondoka wote wawili. Ikiwa chini ya tisini, barua yako ni ya uongo, na mleta barua ya uongo hupata alichomtakia mwenzake. Unakijua kifungu hicho."

"Kwa hiyo mimi sina mlango."

"Ulikuwa nao."

"Na yeye anajua? Kwamba ni mimi?"

"Umeandika namba, bwana," alisema Kobe. "Angekosaje kujua?"

Saa nane kasorobo Kobe alipita kati ya safu za cherehani akikagua makoti, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani. Kwenye meza ya dirishani aliinua kola, akautazama mshono.

"Aliogopa mikanda," alisema kwa kola. "Alidhani mkanda wako ungemfichua na yeye. Akapiga hesabu akasema bora mmoja kuliko wawili."

Sindano ilipita kitambaani, ikatoka, ikapita.

"Mmoja ndiye mimi."

"Ndiyo."

"Na hakuniuliza." Alizungusha uzi mara tatu kwenye shina la kifungo, akakaza. "Ningemwambia ahesabu akiwa mbali, aone. Nilikuwa najihesabu nikiwa kitandani, bila saa. Nilikuwa kama watu wengine."

Kobe alirudisha kola mahali pake. Koti lilikuwa na vifungo vitano tayari, vyote katika mstari mmoja, kama vimepigwa rula.

Saa nane msimamizi alipiga kengele na cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine. Askari wawili walisimama mlangoni. Bibi Mizani alivuta kiti upande wa kushoto wa binti, akaweka saa yake kubwa mezani ambapo kila mtu aliiona. Mpima aliletwa upande wa kulia. Alikuwa amenawa uso na maji yalikuwa bado shingoni.

Binti alimaliza kifungo cha sita. Alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye kola, akavua kastabini na kuiweka juu ya koti. Kisha akatoa mikono yote miwili.

"Dakika moja," alisema Bibi Mizani. "Anza."

Mama Vifungo alikuwa amesimama, vifungo vimejaa ngumi. Binti alimtazama mpima usoni, bila haraka, kama anavyotazama jora kabla halijakatwa.

Mfagiaji alikuja na ufagio wake kati ya safu. Alifika kwenye miguu ya mpima, akafagia juu ya viatu vyake, akaendelea.

Sekunde arobaini. Mpima aliinama kidogo, kama mtu anayeokota kalamu. Safari hii hakunong'ona namba. Alitaja jina lake. Alilitaja taratibu, lote, jina la mwanzo na la baba, kama mtu aliyekuwa amelikariri muda mrefu akingoja pa kulisema.

Kope za Bibi Mizani zilicheza, zikatulia. Kobe alitazama mshale wa saa na hakutazama kitu kingine.

"Dakika," alisema Kobe. "Mpima, taja yako."

Mpima alifungua mdomo. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka.

"Mpima wa karakana, taja."

Mpima aliwatazama askari mlangoni.

"Basi yangu mimi," alisema Bibi Mizani kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Sabini na mbili."

Mahali fulani nyuma, kifungo kilianguka sakafuni, kikafuatwa na kingine. Askari walisogea hatua mbili, Kobe akawazuia kwa kiganja.

Binti alikuwa ameshautoa mkono wake. Alivaa kastabini. Alinyoosha mkono huohuo kuelekea msumari wa mlangoni, ambako Kobe alikuwa amelirudisha daftari; Mama Vifungo akamletea bila kuombwa, akaliweka mezani bila vidole vyao kugusana. Binti alilifungua kwenye safu ya kumi na nne, akaligeuza upande wa mpima, akaweka kalamu juu yake.

"Andika," alimwambia. "Leo ndiyo ya kweli."